Mimi si Simba

"Kijana, mimi si simba! Ukitaka picha yangu, vuka barabara."

Sauti ilitoka ng'ambo, nyuma ya jiko la makaa na rundo la chapati lililofunikwa nailoni. Abiria waliokuwa wakingoja matatu wakaangua kicheko. Makanga mmoja akagonga bodi ya gari kwa kiganja, mara mbili, kana kwamba anamtunza mama. Mimi nilikuwa nimejibanza kando ya kibanda cha M-Pesa, kamera usoni, lenzi imechomoza mbele. Moyoni nilidhani natafuta picha ya maisha ya kila siku. Mama aliona mtu anayemnyemelea.

Sikuvuka. Niliisukuma kamera ndani ya begi na kupanda matatu iliyokuwa mbele yangu, ingawa sikuwa na shughuli yoyote mjini.

Hayo yalitokea Kware, Ongata Rongai, Kaunti ya Kajiado, ninakoishi. Kati ya Rongai na Mbuga ya Taifa ya Nairobi pana mto Mbagathi tu. Mbuga hiyo ilitangazwa 1946, ina kilomita za mraba 117, na upande wake wa kusini hauna ua. Punda milia na nyumbu hutokea huko kwenda nyanda za Kitengela, na mara mojamoja simba huvuka mto akaingia upande wa watu na mbuzi wao. Kwa hiyo mama yule hakuwa akisema kwa mafumbo. Simba ni jirani yetu, na simba ana lenzi yake. Ndiyo hiyo niliyokuwa nimeishika: milimita 70 hadi 300, ya mtumba, niliyoinunua kwa kuamini kwamba mpiga picha wa safari ni mtu wa wanyama.

Niliinunua kwa uangalifu, wala sina wa kumlaumu. Nilimulika tochi ya simu ndani ya vioo kutafuta ukungu, ule unaotambaa kama utando wa buibui lenzi ikiwekwa kabatini muda mrefu. Niliizungusha nikisikiliza kama kuna mchanga. Kwenye kamera niliuliza shata imepiga mara ngapi, maana kamera nyingi za wanaoanza hukadiriwa kufikisha mara 100,000 hivi. Niliangalia betri kama imevimba. Nilibishana bei mpaka muuzaji akachoka. Maswali yote niliyauliza isipokuwa moja: nikiwa na kitu hiki, nitasimama wapi?

Namba zilizochongwa kwenye lenzi husomeka kama nguvu za injini, kwamba 300 ni zaidi ya 35 jinsi lori linavyoizidi bodaboda. Lakini namba hizo ukizigeuza zinakuwa hatua za miguu. Kamera yangu ina kihisi kidogo, ambacho upande wake mrefu ni milimita 24 hivi. Nikiishika wima nikataka mtu mzima wa mita 1.7 aenee kuanzia kichwa hadi kiatu, lenzi ya 300 inanitaka nikae mbali naye mita 21. Lenzi ya milimita 35 inanitaka nisogee hadi mita 2 na nusu. Mita 21 ni barabara, mtaro, na kibanda cha upande wa pili. Kwa umbali huo salamu ni kelele. Mita 2 na nusu ni pale anaposimama mtu anayeuliza bei. Huwezi kukaa hapo kimya. Utaulizwa habari ya asubuhi, utauliza ya nyumbani, na kabla hujagusa kitufe cha kamera mtakuwa mmeshajuana kidogo.

Wapo wanaosema lenzi ndefu huvuta vitu vikabanana: matatu kumi zinapangana kama sahani, milima ya Ngong inakuja kuegemea mabati ya nyumba za kupanga. Nilisema hivyo hata mimi, mpaka siku moja nilipoijaribu mwenyewe. Nilisimama mahali pamoja, nikapiga ploti moja kwa lenzi ya 300, kisha nikabadilisha lenzi nikapiga tena kwa 35 bila kuhamisha kiatu. Nyumbani nikaikata ile ya pili, nikabakiza kipande kidogo cha katikati. Chembechembe zilikuwa zimeharibika, lakini mlima na bati vilikaa vilevile, kwa uwiano uleule. Lenzi haikuwa imebana chochote. Ilikuwa imekata tu. Kinachoamua mlima uwe mkubwa kiasi gani juu ya nyumba ya mtu ni mahali ulipotia mguu. Lenzi inakuja baadaye, kukusaidia kutosogea au kukulazimisha usogee.

Tangu hapo ninasoma orodha za vifaa kwa jicho jingine. Mtu akisema anataka lenzi ya kufika mbali, namsikia akisema anataka kubaki alipo.

Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja kinachobeba mizigo mingi, nacho ni kupiga. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga magoti. Tunapiga risasi na tunapiga picha. Tunapiga hodi pia. Wakati wote nilipokuwa na ile lenzi begani niliona ukaribu wa picha na risasi, na nikaufurahia kwa siri, kwa sababu kuna raha fulani ya kiwindaji katika kungoja, kulenga, kubana pumzi. Ukaribu wa picha na hodi sikuwahi kuufikiria. Anayepiga hodi hufanya sauti makusudi ili ajulikane amefika, kisha anangoja. Anaweza kuambiwa karibu. Anaweza kuambiwa mwenyewe hayupo, na sauti ya mwenyewe ndiyo inayosema hayupo.

Mazoea ya kiwindaji yana historia yake hapa. Neno letu safari, ambalo kwetu ni mwendo wowote, hata wa kwenda Kiserian kununua mbuzi, lilichukuliwa na wageni likapewa kofia ya kaki na bunduki. Theodore Roosevelt alitua Mombasa mwaka 1909, mara tu baada ya kutoka Ikulu ya Marekani, na msafara wake ukaua na kukusanya wanyama kwa maelfu kwa ajili ya makumbusho. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Magari yakabaki, kofia zikabaki, kambi zikabaki. Mikononi mwa mgeni bunduki ikapokewa na kamera, na lenzi ndefu ikawa alama ya mtu aliyefika. Sisi wenyeji tunaoanza kupiga picha kwa kujifurahisha tunairithi picha hiyo ya mpiga picha bila kuiuliza maswali. Mimi nilikuwa nimeenda nayo hadi kwa mama wa chapati.

Wapiga picha wetu wa zamani walipanga mambo kinyume. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifunza mwenyewe na kufungua studio yake miaka ya 1960, aliunganisha picha kwa mkono akamweka mteja mahali ambapo mwili wake usingefika. Karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walitundika mapazia yaliyochorwa, na msafiri akajisimamisha mbele yake atakavyo. Pale mteja ndiye aliyesogea. Alichana nywele, akachagua pazia, akalipa, akasubiri nakala yake. Vifaa vilikuwa vichache, lakini kila kimoja kilinunuliwa kwa ajili ya mtu anayepigwa. Kitambaa kilichorwa kwa ajili yake, na kiti na kioo cha kujitazamia viliwekwa kwa ajili yake.

Sasa, mtu akifika hapa atasema nimeelekea kwenye ule usemi kwamba kamera haijalishi, cha muhimu ni jicho. Hapana. Usemi huo nimeusikia mara nyingi, na karibu kila mara kutoka kwa mtu mwenye kamera nzuri.

Njoo Kware usiku, stima ikiwa imepotea. Mwuza mayai ana taa ya sola ya ukubwa wa kifuniko cha sufuria, na mwanga wake unaishia vidoleni. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halipanuki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya f/1.8, hata ile ya bei ya chini isiyovutika mbele wala nyuma, huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Tofauti hiyo ni kati ya kufungua shata kwa sehemu ya 6 ya sekunde na sehemu ya 60. Kwa ya kwanza mikono ya mwuza mayai inakuwa moshi. Kwa ya pili unaona anavyolipasua yai kwa kucha ya kidole gumba na kulitia kachumbari bila kutazama. Jicho langu lilikuwa lilelile usiku wote.

Na kuna jambo zito zaidi ya mwanga. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, maabara za kusafisha filamu za rangi zilirekebisha mashine kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Uso mweusi ukikaa kando ya uso mweupe katika picha moja, mmoja ulipotea. Kodak ilisikia malalamiko, na sehemu ya malalamiko yaliyoisukuma yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi zao za kahawia zionekane sawasawa. Hadi leo kipimo cha mwanga ndani ya kamera hukisia kwamba dunia kwa wastani ni kijivu. Msimamishe mtu mwenye ngozi kama yangu mbele ya bati jipya saa saba mchana, kamera itatishwa na bati, itajibana, na uso utageuka masizi. Inakubidi uiongezee mwanga kwa mkono, hatua moja au zaidi, kila mara, kama mtu anayemsahihisha mgeni anayekosea jina lako. Kifaa, kwa asili ya neno, ni kitu kinachofaa. Neno halisemi kinamfaa nani.

Watu hupenda kumtaja Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, kwamba alianza akiwa mwanafunzi na kamera ya Box Brownie, kisanduku ambacho hakina cha kuchagua: lenzi moja, na miguu yako. Ni kweli. Lakini hakubaki hapo. Mwaka 1963 alikuwa ameshaanzisha Camerapix kule Dar es Salaam. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia, kutoka Korem, zilizunguka dunia. Na mwaka 1991, mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulipomkata mkono, alirudi kazini na mkono wa bandia alioutumia kuishika kamera. Sidhani mtu aliyefika hatua ya kuvaa kifaa mwilini angesema hakijalishi.

Ninachokataa, basi, ni mkumbo. Mtaa wetu unaitwa Kware kwa sababu ya machimbo ya mawe. Ni neno la Kiingereza lililochongwa na ndimi zetu mpaka likakaa. Lakini kware pia ni ndege, na Wakenya hawajasahau mwaka 2013, yule ndege alipokuwa utajiri. Watu walichukua mikopo, wakaomba leseni kwa Shirika la Wanyamapori, wakajaza vizimba hadi kwenye veranda. Kila mwenye kware alikuwa akimwuzia anayetaka kuanza kufuga kware. Kufikia mwaka uliofuata wanunuzi wa mayai hawakuwepo, na ndege wakaishia kwenye sufuria. Huwa nawakumbuka nikiona kamera mpya imetoka na wenye ile ya mwaka jana wanaanza kuitazama kama mzigo. Nyingi tunazinunua ili tuwe watu walio nazo, tukiongea na wengine walio nazo.

Wazo hilo lilinijia kwa nguvu katika barabara yetu hiihii ya Magadi. Ukiifuata kutoka Rongai, ukapita Kiserian na kuteremka Bonde la Ufa, joto linapanda na miti inafupika, mpaka unafika Olorgesailie. Louis na Mary Leakey walianza uchimbaji pale miaka ya 1940. Kuna njia ya mbao iliyoinuliwa kidogo, na chini yake shoka za mkono za mawe zimelala kwa mamia pale pale zilipokutwa. Zina umbo la tone la maji, pande mbili zimechongwa, nyingine zimejaa kiganja, nyingine kubwa hata unashangaa zilishikwaje. Watu wa kale walilitengeneza umbo hilo kwa mamia ya maelfu ya miaka. Hakukuwa na toleo jipya. Halafu, miaka 320,000 hivi iliyopita, zana katika eneo hilo zinabadilika: zinakuwa ndogo, nyepesi, na kati yake kuna vipande vya obsidiani, jiwe jeusi la kung'aa kama chupa, ambalo halipatikani karibu. Lilitoka mbali, kilomita 25 hadi 95. Nilicheka peke yangu juu ya zile mbao. Hata wao walifika mahali wakaanza kuagiza vifaa vya nje.

Ila jiwe lile halikuja lenyewe. Kulipata kwa umbali ule kulihitaji kukutana na watu wengine, au angalau kupita kwao, na watafiti wanaoyachunguza mambo haya wanaona hapo dalili za mwanzo za mtandao wa kubadilishana. Nilisimama nikiyatazama mawe muda mrefu kuliko nilivyopanga, na kwa mara ya kwanza nikatamani kifaa kwa sababu ya nani nitakutana naye kwa kukitafuta.

Siku hiyo nilikuwa na lenzi ya 35 peke yake. Haukuwa uamuzi wa kifalsafa. Begi la mapajani ndani ya matatu iliyojaa lina mwisho wake, na Ziwa Magadi, nilikokuwa nikiendelea, lina vumbi jeupe la chumvi ambalo ukifungua kamera kwenye upepo linaingia mpaka kwenye kihisi. Unachofunga asubuhi ndicho utakachorudi nacho. Heroe wa ziwani walitoka kama punje za mtama zilizomwagika. Niliumia kidogo, nikazoea. Njiani, mwanamke mmoja Mmaasai mwenye shanga na kibanda cha soda alinikubalia picha baada ya soda mbili na habari nyingi. Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera, akauliza, "Utaniletea lini?" Nikasema karibuni. Sijampelekea mpaka leo. Katika orodha zote za vifaa nilizosoma, za mwepesi na za mzito, za anayeanza na za aliyebobea, hakuna iliyonitajia kwamba mpiga picha wa safari anahitaji njia ya kurudi.

Basi niliporudi Kware nilivuka barabara.

Siku ya kwanza nilinunua chapati mbili nikala nimesimama. Siku ya pili mama aliniuliza kama ni mimi yule wa kichakani, nikakubali. "Mama, nisamehe kwa siku ile," nikamwambia. Akasema hakuna neno, mwanangu, lakini jiko linahitaji mtu wa kupepea. Nikapepea. Siku ya nne nilimwomba picha. Akakubali, na palepale akaharibu kila nilichokuwa nimekiwazia: alivua aproni yenye unga, akaifuta meza, akaligeuza jiko ili moshi uende kwa jirani, akafunga leso mpya, akasimama wima, mikono ubavuni, uso mkavu kama wa kitambulisho. Mimi nilitaka moshi na mikono ikikanda unga. Nilijaribu kumwambia aendelee na kazi yake. Akanitazama.

"Kazi yangu inajulikana na kila mtu hapa," akasema. "Hiyo ni picha yangu."

Nikapiga alivyotaka. Niliongeza mwanga hatua moja kwa sababu ya bati lililokuwa nyuma yake. Jioni nilichapisha nakala kwenye studio ya steji, ile inayopiga picha za pasipoti na kutoa fotokopi, nikampelekea. Aliishika kwa ncha za vidole, mafuta yasiingie, akaitazama, akaiweka ndani ya mkebe wa pesa, chini ya noti. Hakuisifu. Ninaamini kwamba ni picha yangu bora, na ukiiona hutaelewa kwa nini.

Wakati huo ile lenzi ya 300 nilikuwa nimeshaiweka sokoni. Kijana mmoja wa Kitengela aliitaka kwa ajili ya ndege, tukaelewana bei na tukapanga kukutana Jumamosi.

Ijumaa nilipita kwa mama. Alinifungia chapati tatu, akakataa pesa ya ya tatu, na nilijua kuna neno linakuja.

"Binti yangu anahitimu mwezi ujao," akasema. "Sisi wazazi huwekwa nyuma kabisa, hema la mwisho. Mwaka ule wa kaka yake sikuona hata kofia. Wanaitwa majina, wanasimama huko mbele wadogo kama siafu, wanakaa." Akageuza chapati, akaibonyeza ukingoni kwa kijiko. "Ile ndefu yako bado unayo?"

Nilitoa simu, nikasogea pembeni mwa moshi, nikamtafuta yule wa Kitengela.